Jioni Forodhani: Mwongozo Kamili wa Kuitembelea Bustani ya Mji Mkongwe, Hatua kwa Hatua

Mgeni anayefika Unguja kwa mara ya kwanza huambiwa jambo moja tu kuhusu Forodhani, nalo ni kwamba usiku kuna chakula. Kwa sababu hiyo hufika saa mbili usiku akiwa na njaa, hupita mara moja kati ya meza za samaki, hula haraka akiwa amesimama, hulipa zaidi ya alivyotarajia, kisha hurudi alikofikia akiwa ameshiba lakini hajaiona Forodhani. Bustani hii ni baraza la mji mzima. Watu wa mitaa ya Shangani, Malindi na Ng'ambo huja hapa kukaa, kupunga upepo wa bahari na kupeana habari za siku, na chakula hufuata mazungumzo badala ya kuyatangulia. Mwongozo huu umefuata mwendo huo wa wenyeji: kutembea na kutazama wakati mwanga ungalipo, kisha kukaa, kisha kula, na mwisho kunywa kahawa.

Hatua ya kwanza: kuchagua siku na saa

Kisiwa cha Unguja kiko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na kwa hiyo wakati wa machweo haubadiliki sana kati ya mwezi na mwezi. Mwaka mzima jua hutua kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo. Saa nzuri ya kuanza ni saa kumi jioni, kwa kuwa joto limeanza kupungua na bado una saa mbili na zaidi za mwanga. Anayevuka kutoka Dar es Salaam asubuhi kwa boti ya mwendo kasi, safari ya kama saa mbili, anapata muda wa kutosha kupumzika kabla ya kutoka. Asipange kurudi siku hiyo hiyo, kwani boti hizo humaliza safari zake kabla ya giza, na Forodhani huchangamka baada ya hapo.

Ukitaka kuwaona wenyeji na familia zao, nenda mwisho wa wiki. Ukitaka nafasi na mazungumzo marefu na wauzaji, nenda Jumatatu au Jumanne. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, mvua moja kubwa huweza kuzima majiko yote, na wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, joto la jioni ni zito. Mimi napendelea miezi ya kusi, kuanzia Juni hadi Septemba, ambapo hewa ni nyepesi na mtu huweza kukaa ukutani hadi saa nne bila kutokwa na jasho.

Mwezi wa Ramadhani unahitaji maelezo yake. Mchana watu hawali hadharani, na mgeni asiyefunga anapaswa kuliheshimu hilo. Wakati wa kufuturu bustani hutulia kabisa, kwa kuwa watu wako majumbani mwao, lakini baada ya sala ya tarawehe hujaa kuliko siku yoyote ya kawaida, na hubaki hivyo hadi usiku mwingi. Katika mwezi huo, basi, zisogeze hatua zote za jioni mbele kwa saa mbili au tatu.

Hatua ya pili: kuingia kwa miguu kupitia Mizingani

Teksi itakushusha mlangoni mwa bustani, lakini utakuwa umeruka sura ya kwanza ya hadithi yake. Anzia bandarini Malindi, fuata Barabara ya Mizingani ukielekea kusini, bahari ikiwa mkono wako wa kulia. Ni mwendo wa dakika 10 kwa mtu mwenye haraka, na wa saa nzima kwa mtu mwenye macho.

Jengo la kwanza la kusimamia ni Zahanati ya Kale, lenye roshani za mbao zilizochongwa kama nakshi za Gujarat. Ujenzi wake ulianza mwaka 1887 kwa fedha za mfanyabiashara Tharia Topan, ambaye alifariki kabla haujakamilika. Jina lake likumbuke, kwa sababu Topan ni mmoja wa wafanyabiashara waliopewa dhamana ya kukusanya ushuru wa forodha ya Unguja, na forodha hiyo ndiyo iliyoipa bustani jina lake. Mbele kidogo utauona Mti Mkubwa, uliopandwa mwaka 1911, ambao kivuli chake kimekuwa mahali pa manahodha na mafundi wa vyombo kwa miaka mingi.

Halafu linakuja Jumba la Kasri, makao ya masultani hadi Mapinduzi ya Januari 1964, ambalo tangu mwaka 1994 ni makumbusho. Likiwa bado wazi, ingia. Likiwa limefungwa, usikate tamaa, kwa kuwa sehemu muhimu zaidi kwa jioni yako iko nje yake. Kati ya Kasri na jengo kubwa linalofuata kuna nafasi yenye miti. Hapo palikuwa na jumba la tatu, Beit al-Hukm, na namna lilivyotoweka ndiyo hadithi ya hatua inayofuata.

Hatua ya tatu: kuyasoma majengo kabla ya giza

Ingia bustanini, tafuta benchi, na uipe bahari mgongo. Wageni wengi hufanya kinyume, lakini bahari itakuwapo hata saa moja, ilhali nakshi za kuta hazionekani vizuri baada ya mwanga kuondoka.

Mbele yako, upande wa kushoto, ni Beit al-Ajaib. Sultan Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alilijenga mwaka 1883 kwa ajili ya sherehe na mapokezi. Liliitwa jumba la maajabu kwa sababu lilikuwa na umeme na lifti wakati ambapo watu wengi wa pwani hii hawajawahi kuona hata kimoja kati ya vitu hivyo viwili. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya kulikarabati ikiendelea, sehemu ya jengo pamoja na mnara wa saa iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Kwa mtu aliyekuwa amezoea kuukadiria usiku kwa kuutazama mnara ule, pengo lile lilikuwa kama kung'olewa jino la mbele la mji. Kabla ya kupanga kuingia ndani, uliza kwanza hali ya kazi za kulirejesha.

Upande wa kulia ni Ngome Kongwe, kuta zake za rangi ya udongo zikiwa na minara ya mawe pembeni. Waomani waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno mwaka 1698, mahali palipokuwa na kanisa dogo la Wareno hao, na mabaki ya kanisa hilo bado yamo ndani ya kuta. Ngome hii imefanya kazi nyingi kuliko jengo lolote hapa: imekuwa kambi, imekuwa gereza, na mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa bohari ya reli iliyotoka hapa kwenda Bububu, takriban kilomita 11 kaskazini. Reli hiyo ilianza mwaka 1905, na haikudumu hata robo tatu za umri wa mtu. Leo anayepita na urojo mkononi hana alama ya kumwambia kwamba garimoshi lilipita karibu na miguu yake. Ndani ya Ngome sasa kuna uwanja wa maonyesho, na tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, hufanyika hapo kila Februari. Ukija wiki hiyo, muziki utausikia hata ukiwa ukutani, na itakubidi uweke nafasi ya malazi mapema sana.

Sasa geuka uitazame bahari, maana vita vilivyolifuta Beit al-Hukm vilitokea majini mbele yako. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultan Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla, na binamu yake, Khalid bin Barghash, akaingia Kasri na kujitangaza sultani bila idhini ya Waingereza, ambao tangu 1890 walikuwa wameiweka Zanzibar chini ya himaya yao. Walimpa muda hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ameteremsha bendera na kutoka. Khalid hakutoka. Saa tatu na dakika mbili manowari zilizokuwa zimetia nanga hapa mbele zilianza kupiga mizinga, na kabla ya saa nne haijafika yote yalikuwa yamekwisha. Beit al-Hukm lilibomoka na halikujengwa tena, Kasri la zamani liliharibiwa, na takriban watu 500 upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa, ilhali upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja. Meli ya Sultani, Glasgow, ilizama papo hapo, na kwa miaka mingi baadaye milingoti yake ilikuwa ikionekana juu ya maji kutoka ufukweni. Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Wajerumani, akapelekwa Dar es Salaam, na mwisho akafariki Mombasa mwaka 1927.

Watu huvieleza vita hivyo kama kioja, kwa sababu vinahesabiwa kuwa vifupi kuliko vyote katika historia. Ninaomba msomaji asivieleze hivyo akiwa amekaa hapa. Idadi ile ya watu ilianguka ndani ya muda usiotosha kuchoma samaki na kumla, na waliosimama katika majumba yale walikuwa askari, watumishi na watumwa ambao majina yao mengi hayakuandikwa popote.

Hatua ya nne: kuielewa forodha yenyewe

Neno forodha ni mahali pa kushushia mizigo na kutozea ushuru. Kabla ya kuwa na majani na mabenchi, ufuko huu ulikuwa mlango wa mji. Seyyid Said, sultani wa Omani na baba yake Barghash, alipoyahamishia Unguja makao ya utawala wake kutoka Maskati, utajiri wake ulitegemea kile kilichopita hapa: karafuu za mashamba ya Unguja na Pemba, pembe za ndovu kutoka bara, sandarusi, nguo za kutoka Marekani na India, na watu. Hilo la mwisho halifai kupitwa haraka. Watumwa nao walihesabiwa na kutozwa ushuru kama bidhaa, hadi Barghash alipotia saini, Juni 1873, mkataba wa kuzuia biashara hiyo baharini na kufunga soko lake. Sultani hakukusanya ushuru mwenyewe. Alilikodisha jukumu hilo kwa nyumba za biashara za Wahindi, maarufu zaidi ikiwa ile ya Jairam Shivji, nazo zikamlipa kiasi kilichokubaliwa kila mwaka na kubaki na ziada.

Majahazi yalikuja na kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, yakaondoka na kusi, na kati ya pepo hizo mbili mabaharia walikuwa na miezi ya kukaa. Palipo na mabaharia waliokaa bure jioni, mahali pa kupikia na kusimulia hapakosekani. Siwezi kudai kwamba meza za leo zilirithiwa moja kwa moja kutoka kwao, lakini mtu akisema kwamba wageni na wenyeji wamekutana jioni katika ufuko huu tangu siku za tanga, hatakuwa amekosea.

Shughuli za bandari zilipohamia gati jipya la Malindi katika miaka ya 1920, ufuko ulibaki wazi. Mwaka 1936 ukageuzwa bustani kwa heshima ya miaka 25 ya utawala wa Sultan Khalifa bin Harub, ikaitwa Bustani ya Jubilei, na bendi ikapewa jukwaa lake katikati. Majina ya kiserikali yalipita, watu wakaendelea kuiita Forodhani. Kufikia mwanzo wa karne hii ukuta wa bahari ulikuwa umeliwa na mawimbi, majani yamegeuka vumbi, na maji machafu hayana pa kwenda. Shirika la Aga Khan la utamaduni lilishirikiana na serikali kuifufua, na bustani ikafunguliwa upya Julai 2009 ikiwa na ukuta uliotengenezwa, taa, mifereji, uwanja wa kuchezea watoto na sehemu maalumu za wauza chakula. Kabla ya taa hizo, meza ziliangaziwa kwa karabai na vibatari, na wapo wanaosema kwamba mwanga ule ulikuwa mzuri zaidi. Ninawaelewa, ingawa mimi hupenda kumwona samaki ninayemla.

Hatua ya tano: Magharibi ukutani

Inapokaribia saa kumi na mbili, sogea kwenye ukuta wa bahari na utafute nafasi mapema. Vijana wanaochupa kutoka ukutani hujulikana kwa jina la makachu, na mchezo wao ni wa kweli: hukimbia kutoka mbali, hukanyaga ukingo, hujipindua hewani mara moja au mbili na kuingia majini huku watu wakishangilia. Maji yakiwa yamejaa, mchezo hunoga. Yakiwa yametoka, husita, maana chini kuna mawe. Ukitaka kuona makachu wengi, muulize mtu yeyote wa pwani habari za bamvua, yaani siku za maji makubwa, na saa ya maji kujaa, naye atakujibu bila kutazama kitabu. Ukiwapiga picha kwa karibu au ukiwaomba waruke kwa ajili yako, wape kitu, kwa sababu wengine hujipatia riziki kwa hilo. Usijaribu kuruka pamoja nao. Wao wanalijua kila jiwe lililo chini ya maji hayo tangu utotoni.

Adhana ya Magharibi itakapotoka misikitini, nyuma yako na kutoka Malindi, sauti moja ikiipokea nyingine, punguza mazungumzo na uzime muziki wa simu. Wanaume wengi wataondoka kwenda kusali na kurudi. Wakati huo huo, kwenye njia za bustani, meza zinatandikwa, mkaa unapepewa, na wapishi wanavaa makoti na kofia zao nyeupe. Kaa ulipo. Mtu anayekwenda mezani mkaa ukiwa bado unatoa moshi mweusi hula chakula kilichochomwa haraka na anaondoka na nguo zinazonuka. Subiri mpaka makaa yawe mekundu yenye jivu juu yake, takriban nusu saa baada ya Magharibi.

Hatua ya sita: kula kwa mpangilio

Zunguka kwanza meza zote bila kununua. Utaitwa kwa kila lugha, na wapo watakaokushika mkono na kukupa orodha ndefu ya samaki wa bahari nzima. Jibu fupi la Kiswahili chenye heshima linatosha: "Ahsante, kaka, nazunguka kwanza, nitarudi." Anayekufuata na kudai kuwa atakupeleka kwenye meza nzuri ni papasi, na malipo yake yataongezwa katika bei yako.

Anza na kitu chepesi. Mimi huanza na urojo, mchuzi mzito wa rangi ya manjano uliopikwa kwa unga, bizari na ukali wa embe mbichi au ndimu, ambao ndani yake hutiwa viazi, badia, kachori, vipande vya mishikaki, chatne ya nazi, chipsi za muhogo na pilipili. Urojo mzuri unatambulika kwa ukali wake: ukiwa mtamu tu, au ukiwa mzito kama uji, mpishi amekosea. Sema mapema kiasi cha pilipili unachotaka, kwa sababu ikishamwagwa haitoki.

Baada ya hapo, samaki. Hapa ndipo wageni hukosea zaidi, na ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Vingi katika vijiti vilivyopangwa vizuri mezani vimeshachomwa au kuchemshwa kabla, na hupashwa moto unapoagiza. Jambo hilo si baya lenyewe, mradi vimechomwa jioni hiyo. Kwa hiyo chagua meza yenye wateja wengi, hasa wenyeji, kwa kuwa chakula chake hakikai. Uliza kila kijiti ni samaki gani, maana nguru, jodari, kolekole na papa vikishapakwa viungo hufanana machoni. Kitazame kipande: kiwe na unyevu kidogo, kisiwe kimekauka pembeni na kujikunja. Pweza bonyeza kwa uma, akiwa kama mpira mwache. Kamba na kambakochi huharibika haraka katika joto, na kwa mtu mwenye tumbo jepesi ushauri wangu ni kuviacha kabisa na kula jodari au ngisi. Mwambie mpishi achome mbele yako mpaka moto ufike ndani, wala usione haya kurudisha kilicho baridi katikati.

Bei ikubaliwe kabla ya kijiti kuguswa na moto. Uliza bei ya kijiti kimoja, kisha uulize kama mkate, saladi na ndizi vimo ndani yake au vinahesabiwa mbali; ugomvi mwingi wa Forodhani, kama nilivyoshuhudia mara kadhaa, hauanzi na samaki bali na sahani ya chipsi ambayo mteja alidhani ni ya bure. Rudia jumla kwa sauti ili mkubaliane: "Vijiti viwili vya jodari, mkate wa kumimina mmoja, jumla hiyo, siyo?" Beba shilingi za noti ndogo. Anayetoa noti kubwa au dola atapata hesabu ndefu.

Kuhusu mkate, chagua wa kumimina kama unapenda utamu kidogo wa mchele na iliki, au wa ufuta kama unataka kufutia mchuzi. Wote wawili hushinda chipsi, kwa maoni yangu bila mjadala.

Kisha kuna kile kinachoitwa piza ya Zanzibar, ambacho wageni hukisaka kuliko chochote. Ukoo wake ni wa mkate wa nyama wa pwani, si wa Italia. Mpishi hulikanda donge dogo, hulitandaza kwa kiganja mpaka likawa jembamba kama kitambaa, huweka kima, kitunguu, pilipili hoho, jibini na mayonezi, huvunja yai juu yake, hukoroga papo hapo, hukunja pembe nne na kulikaanga kwenye chuma kwa samli. Inafaa kusimama uitazame kazi ya mikono yake. Ile ya ndizi na chokoleti ni kwa watoto na kwa wale waliobakiza nafasi; ya kima ndiyo inayostahili kuagizwa kwanza, na agiza moja mgawane, kwa kuwa mafuta yake huzima hamu ya vyote vinavyofuata.

Kinywaji cha mahali hapa ni maji ya miwa. Miwa hupitishwa kwenye mashine ya magurudumu, ikakunjwa na kupitishwa tena pamoja na ndimu na kipande cha tangawizi. Agiza yakamuliwe ukiona, na kama huna uhakika na tumbo lako, omba yasitiwe barafu.

Hatua ya saba: adabu za mahali

Haya ni machache. Mji Mkongwe ni mji wa watu wanaosali na kulea watoto wao hapa, hivyo vaa nguo inayofunika mabega na magoti, wanaume na wanawake. Salimia kabla ya kuuliza bei. Mzee anayeuza kahawa mpe shikamoo, naye akishaitikia marahaba utahudumiwa kama mtu wa nyumbani. Usimpige picha mama aliyekaa na familia yake bila kumwomba ruhusa. Pombe haiuzwi katika meza hizi wala isiletwe. Paka watakuja chini ya benchi lako, ni wengi na wamezoea. Ukimpa mmoja kichwa cha samaki, wape nafasi wengine wamalize ugomvi wao mbali na miguu yako. Takataka zipeleke kwenye pipa mwenyewe, kwa sababu mfuko ulioachwa ukutani huwa baharini kabla ya saa tano.

Wenye watoto wawaweke upande wa bustani, si upande wa ukuta, usiku ukishaingia. Hakuna kizuizi cha kutosha pale makachu wanaporukia.

Hatua ya nane: kuondoka

Bustani huanza kupungua watu saa nne, na wapishi huanza kukunja meza baada ya hapo. Usiondoke kwa kupitia ulikoingia. Upande wa kusini wa bustani barabara hupita chini ya jengo la zamani la mayatima, kama shimo fupi lenye giza, na kukutokeza Shangani. Ni salama palipo na watu, lakini kama umebeba kamera na ni usiku mwingi, tembeeni wawili au zaidi. Njia ninayoipenda zaidi ni ya pili: vuka barabara, pita ubavuni mwa Ngome Kongwe, ingia mtaa wa Gizenga na uendelee ndani ya mji mpaka Jaws Corner, mahali ambapo vichochoro vinakutana na mabaraza ya mawe yamezunguka pande zote.

Hapo kuna kahawa chungu, inayomiminwa kutoka kwenye dele iliyokaa juu ya makaa, katika vikombe visivyo na mkono, na kashata kama unahitaji utamu. Wanaume hucheza dhumna au bao, na mjadala wa mpira au wa siasa unaweza kuwa umeanza tangu alasiri. Salimia wote kwa pamoja, kaa mwishoni mwa baraza, pokea kikombe chako kwa mkono wa kulia. Muuzaji huhesabu vikombe kwa kichwa, na huwezi kumdanganya; utalipa wakati wa kuinuka, kwa sarafu zilizobaki kutoka Forodhani.